Kikalmyk shuleni: kiwe lazima au mzazi aachiwe achague?

Wadau, kuna hoja inarudiwa sana: Kikalmyk, lugha ya Wakalmyk wa Urusi, kinakufa kwa sababu wazazi wenyewe hawakitaki, na sheria ya Urusi ya 2018, inayomfundisha mtoto lugha ya kwao pale tu mzazi anapoomba, imefuata matakwa yao. Mimi naipinga.

Wakalmyk ni Wamongolia wa kundi la Oirat, Wabudha, waliohamia pande za mto Volga karne ya 17. Mwaka 1648 mtawa Zaya Pandita aliwatungia mwandiko wao, unaoshuka kutoka juu kwenda chini. Wakautumia karibu miaka 280. Mwaka 1924 wakapewa herufi za Kirusi, 1930 za Kilatini, 1938 wakarudishwa kwenye za Kirusi. Aliyejua kusoma vizuri 1923 akaanza upya mara tatu ndani ya miaka 15! Barua za baba yake, mwanawe hawezi kuzisoma.

Kisha ikaja tarehe 28 Desemba 1943. Stalin, mtawala wa Umoja wa Kisovieti, alilituhumu taifa zima kwa kushirikiana na Wajerumani. Watu zaidi ya 90,000, wakiwemo vikongwe na watoto wachanga, wakapakiwa kwenye mabehewa ya mizigo kupelekwa Siberia, kipupwe kikiwa kimekolea. Hata askari waliokuwa wakiipigania nchi hiyohiyo wakaondolewa vitani. Huko walitawanywa vijijini, na shule ilikuwa ya Kirusi. Ruhusa ya kurudi ilitoka 1957.

Mzazi wa leo ni mjukuu wa hao. Lugha hakuikuta nyumbani, na mtihani wa kuingia chuo kikuu ni kwa Kirusi. Hapo unamwambia achague?

Wapinzani wana hoja moja nzito, nakiri. Somo lilikuwepo miaka mingi kabla ya 2018, lakini sensa ya 2010 ilihesabu Wakalmyk kama 183,000 na waliosema wanaijua lugha hawakufika nusu. Vipindi vichache kwa wiki havimfanyi mtoto aongee. Ndiyo maana nasema kiwe lazima, tena kianzie chekechea: mlezi awasemeshe watoto Kikalmyk wakati wa kula, wa kuvaa viatu, wa kulala. Sarufi itakuja baadaye.

Mwenye kupinga karibu, ila asiniletee "wazazi hawataki" bila kuitaja Siberia.