Makato ya ovadrafti: nianze kwa meneja wa tawi, kwa barua, Benki Kuu au mahakamani?

Muuza Magunia, Masasi

Salamu kwenu nyote. Ninauza magunia na salfa kwa wakulima wa korosho, na kwa miaka minne nimekuwa na ovadrafti, yaani ruhusa ya benki ya kutoa zaidi ya salio langu, ya hadi shilingi 8,000,000 ili niweze kununua mzigo kabla vyama vya msingi havijanilipa. Msimu huu nimeipitia taarifa ya akaunti yangu mstari kwa mstari, nikakuta makato ambayo siyaelewi, na kabla sijachukua hatua ningependa kusikia kutoka kwa waliowahi kudai wakarudishiwa fedha.

Muda wa ovadrafti yangu uliisha tarehe 30 Septemba. Tarehe 2 Oktoba benki ilikata ada ya kuhuisha shilingi 120,000, na tarehe 3 Novemba ikakata tena kiasi kilekile kwa maelezo yaleyale. Kwa mwezi mzima wa Oktoba nilitozwa riba ya adhabu shilingi 64,300, kana kwamba ovadrafti haikuwa imehuishwa, ilhali ada ya kuhuisha walikuwa wamekwisha kuichukua. Kisha kuna agizo la kudumu, yaani malipo ambayo benki huyakata yenyewe kwenye akaunti, la marejesho ya mkopo wa pikipiki, ambalo lilikwama mara tatu, tarehe 6, 7 na 8 Novemba, na kila lilipokwama nikakatwa 25,000. Malipo yangu kutoka chama cha ushirika yalitumwa kwa TISS, mfumo wa kuhamisha fedha kati ya benki na benki, Alhamisi ile ya tarehe 6 mchana, lakini kwenye akaunti yanaonekana yameingia Jumatatu tarehe 10.

Nikiihesabu ada ya kuhuisha mara moja tu, ile ya pili, jumla ni shilingi 259,300, bila kuhesabu ushuru na VAT zilizoandikwa chini ya kila ada. Mume wangu anashauri nimwone meneja wa tawi tuyamalize kwa mazungumzo, kaka yangu anasema niende Benki Kuu moja kwa moja, na jirani mmoja ananihimiza nifungue kesi. Njia ipi ina manufaa zaidi kwa mtu ambaye bado anaihitaji ovadrafti hiyo msimu ujao?

Mkulima wa Tandahimba

Dada, mimi nilikwenda kwa meneja na nikafanikiwa, ila shauri langu lilikuwa dogo kuliko lako. Akaunti yangu hupokea fedha za korosho tu, kwa hiyo kati ya msimu na msimu haina kitu, na ada ya kila mwezi iliendelea kuhesabiwa hadi salio likawa hasi. Fedha za mnada wa kwanza zilipoingia, benki ikajilipa miezi yote kwa mkupuo kabla sijagusa hata shilingi. Meneja alinisikiliza, akanirudishia sehemu ya fedha hizo, na akanihamishia kwenye akaunti isiyo na ada ya mwezi. Lililonisaidia ni kwamba nilikwenda mwezi Machi, wakati tawi halina foleni. Mwezi Novemba hakuna anayeweza kukaa nawe nusu saa.

Mwalimu, Nachingwea

Mimi nilipiga simu ya huduma kwa wateja mara tano, na kila mara aliyepokea alikuwa mtu mwingine, akinitaka nianze habari upya. Sikupewa namba ya lalamiko, nami sikuwa najua kwamba naweza kuidai. Miezi minane baadaye hakukuwa na kumbukumbu yoyote kwamba niliwahi kulalamika. Tafadhali usitegemee simu peke yake.

Mstaafu wa benki, Lindi

Nimefanya kazi ya benki kwa miaka mingi, sehemu kubwa kwenye dawati la mikopo, kwa hiyo niruhusu niseme kwa kirefu kidogo.

Kabla ya kuchagua njia, tenganisha makato yako, kwa sababu hayana uzito sawa na ukiyapeleka kama fungu moja benki itajibu lile jepesi kwake na kuyanyamazia mengine. Weka taarifa ya akaunti upande mmoja na barua ya masharti ya ovadrafti uliyosaini upande wa pili. Ada ya kuhuisha iliyokatwa mara mbili haina mjadala. Hilo ni kosa la uingizaji, na afisa yeyote mwaminifu atalirekebisha akionyeshwa mistari hiyo miwili.

Kuhusu agizo la kudumu, angalia safu mbili za tarehe. Taarifa nyingi zina tarehe ya muamala na tarehe ya thamani, yaani siku ambayo fedha zinahesabiwa kuwa zako. TISS ni mfumo wa malipo ya siku hiyohiyo. Ikiwa chama kina uthibitisho kwamba fedha zilitoka na kupokelewa na benki yako Alhamisi mchana, basi kukwama kwa tarehe 7 na 8 kulisababishwa na benki kuchelewa kuziingiza, na zile 50,000 ni haki yako. Ile 25,000 ya tarehe 6 ni jambo tofauti: maagizo hayo kwa kawaida hupita alfajiri, na alfajiri ile fedha hazikuwapo. Mimi nisingeidai. Mteja anayekiri ambalo si lake husikilizwa zaidi katika yale yanayobaki.

Riba ya adhabu ndiyo yenye mabishano, kwa kuwa inategemea siku ambayo uhuishaji ulianza kufanya kazi. Tafuta tarehe hiyo kwenye barua. Riba ya ovadrafti hukokotolewa kila siku kwa kiasi kilichotumika, kisha huingizwa mwisho wa mwezi. Kwa mfano, aliyetumia 6,000,000 kwa siku 12 kwa riba ya asilimia 18 kwa mwaka anadaiwa takribani 35,507. Ukiijua hesabu hiyo, hutalazimika kuipokea namba ya benki kwa imani tu.

Sasa kuhusu njia. Kwa shilingi 10,000 au 20,000 ningekwenda kwa meneja na kuishia hapo. Kwa kiasi chako ningemwona meneja kwa heshima, lakini nikiwa na barua mkononi, nakala mbili, na nakala yangu igongwe muhuri wa kupokelewa wenye tarehe. Mazungumzo hayaachi alama, na mameneja huhamishwa.

Msaidizi wa kisheria, Mtwara mjini

Namwunga mkono Mzee, na nitaongeza upande wa sheria.

Kaka yako, Bibi, ana haki ya kuitaja Benki Kuu, lakini amekosea mpangilio. Kwa Kanuni za Kuwalinda Watumiaji wa Huduma za Fedha za mwaka 2019, lalamiko huanzia kwa mtoa huduma mwenyewe, ambaye anapaswa kuwa na utaratibu wa kulipokea na kulijibu. Ukienda Benki Kuu bila ushahidi kwamba benki yako imeshindwa kukujibu au imekujibu usivyoridhika, utarudishwa ulikotoka. Ukiwa na nakala yenye muhuri na majibu yao, dawati la malalamiko litakuwa na kitu cha kushika. Tawi la Benki Kuu lipo hapa Mtwara mjini, kwa hiyo hakuna haja ya safari ya Dar es Salaam.

Kuhusu mahakama, madai yanayotokana na mkataba yana muda wa miaka 6 kwa mujibu wa Sheria ya Ukomo, Sura ya 89, kwa hiyo hakuna saa inayokukimbiza. Kwa kiasi hiki, siku utakazofunga duka zitakugharimu zaidi ya unachodai, na uhusiano na benki unayoihitaji msimu ujao utaharibika. Ningeiacha iwe ya mwisho.

Kuna jambo moja zaidi, kwa sababu watu hunionyesha barua za mfano walizotumiwa na ndugu walioko London. Msizinakili. Huko kuna msuluhishi maalumu wa migogoro ya fedha, na benki hupewa wiki 8 kabla mteja hajamwendea. Hata huko, Mahakama ya Juu iliamua Novemba 2009 kwamba kiwango cha tozo za ovadrafti hakiwezi kupimwa kwa zile kanuni za masharti yasiyo ya haki ambazo wateja walizitegemea, na ahueni ya kweli ilikuja Aprili 2020, mdhibiti alipozikomesha ada za mkupuo za ovadrafti. Barua inayotaja sheria za Uingereza kwenye tawi la Masasi inamwonyesha msomaji kwamba mwandishi hajausoma mkataba wake mwenyewe.

Mkulima wa Tandahimba

Ninauliza kwa faida ya wengine: ada ikirudishwa, ushuru na VAT navyo hurudi?

Mstaafu wa benki, Lindi

Vinapaswa kurudi. Ushuru wa bidhaa wa asilimia 10 na VAT ya asilimia 18 vilitozwa kwa sababu ya ada, na ada ikifutwa havina pa kusimama. Lakini viandikwe kwenye barua kwa kiasi chake, kwa sababu nimeona mara nyingi ada ikirudishwa peke yake na mteja asigundue.

Muuza Magunia, Masasi

Shikamoo Mzee, na ahsanteni nyote. Nimerudi baada ya wiki tatu.

Niliandika barua ya ukurasa mmoja na nusu, nikaambatisha taarifa ya akaunti niliyoipigia mistari kwa kalamu nyekundu, pamoja na uthibitisho wa TISS ambao mhasibu wa chama alinitolea bila usumbufu. Ile 25,000 ya tarehe 6 niliiacha, na nikasema wazi kwamba naiacha. Meneja aliisoma barua mbele yangu hadi mwisho, akagonga muhuri na kunipa namba ya lalamiko.

Majibu yamekuja kwa maandishi. Wamerudisha 120,000 na zile 50,000, pamoja na ushuru na VAT zake. Riba ya adhabu wameikataa yote, wakisema kwamba kwa masharti ya barua uhuishaji huanza siku ya kusaini, nami nilisaini tarehe 14 Oktoba. Nimeangalia, na ni kweli nilisaini siku hiyo. Je, hapo nimeshindwa?

Mstaafu wa benki, Lindi

Marahaba, mwanangu. Hujashindwa, wamekupa hoja. Ikiwa uhuishaji ulianza tarehe 14, basi adhabu ilikuwa halali kwa siku 13 tu, si kwa siku 31. Kama deni lako lilikuwa lilelile mwezi mzima, siku 13 ni takribani 26,965, na 37,335 zinapaswa kurudi. Kama lilikuwa linapanda na kushuka, waombe mkokotoo wa siku kwa siku. Jibu kwa namba ileile ya lalamiko, usifungue jipya.

Muuza Magunia, Masasi

Deni halikubadilika Oktoba yote, kwa kuwa mzigo nilikuwa nimeshaununua Septemba na malipo yalikuwa bado. Barua ya pili nimeiandika jana usiku kwa hesabu hiyo, na Jumatatu asubuhi nitaipeleka kabla sijafungua duka. Wakikataa tena, faili lote litapanda basi la Mtwara pamoja nami.