Mheshimiwa amekula soseji zangu tano za smoki halafu anasema mshahara haumtoshi. WAPUNGUZWE HAWA WATU!!!

Toroli_ya_Kijani
Naandika hivi mikono bado inanuka kitunguu. Msiniambie nilale kwanza. Sitalala.

Nyinyi wa Nakuru mnamjua, mwakilishi wetu wa wadi. Simtaji jina, sina pesa ya wakili. Ni yule yule. Yule wa gari lenye vioo vyeusi hata mbele, sijui dereva wake huona barabara kwa maombi.

Leo saa kumi na mbili jioni, watu wanatoka kazini, ndiyo saa yangu ya kushika pesa, gari likasimama pu! mbele ya toroli. Wateja wakazibwa wote. Akashuka na vijana wake wawili. Akala. Smoki tano, boilo nne, yaani mayai ya kuchemsha, zote nimepasua nikajaza kachumbari, na pilipili akaongezewa mara mbili kama mtu ametoka mfungo wa siku arobaini. Smoki ni 40, boilo 30. Hiyo ni 320. Vijana wake walikuwa wanameza mate tu, hata hakuwakatia kipande.

Mama wa mboga wa kibanda cha pili akajaribu bahati. Akamwuliza mtaro unaomwaga maji machafu mbele yetu utazibuliwa lini. Mheshimiwa akatafuna, akameza, akasema kwa sauti ya mtu aliyefiwa: "Mama, hata sisi tunaumia. Mshahara ni kidogo sana. Mtuombee watuongeze."

Kisha, na hapa mshike viti, akavuta ncha ya aproni yangu NIKIWA NIMEIVAA, akajipangusa vidole. Kimoja kimoja. Na si aproni yoyote. Ni ile aliyotugawia yeye mwenyewe kwa kampeni za 2022, ile yenye uso wake! Mtu amejipangusa kachumbari kwa uso wake mwenyewe. Hadi sasa pua yake ina dania.

Halafu eti, "Niandikie, mama." Nikuandikie wapi? Kwa Katiba?

Laki na nusu hivi kwa mwezi, weka marupurupu ya vikao juu, na huyo ni wa wadi tu. Nchi hii ina wadi 1,450. Nakuru peke yetu tuko nazo 55, na bado hujahesabu wale wa kuteuliwa. Mimi askari wa kaunti akija kutaka ushuru sijawahi kumwambia "niandikie". Angeondoka na toroli, sufuria na mimi mwenyewe ndani.

Wakatwe nusu. Na mishahara ikatwe nusu. Sina hoja ingine. Vidole. Kwa aproni. Nikiwa nimeivaa.

Buda_wa_FreeArea
Kwa hivyo 2022 ulipokea aproni ukampa kura, leo amekuja kuitumia. Mali ni yake mama, wewe ulikuwa umewekewa tu.

Bila_Simile
Bila picha hizi ni hadithi za Abunuwasi. Weka picha ya hiyo pua.

Toroli_ya_Kijani
Nimeiloweka.

Bila_Simile
Umefua ushahidi??? Ndiyo maana tunatawaliwa.

Mhasibu_Bila_Kazi
Niwape hesabu. Kabla ya uchaguzi wa 2013 wabunge walikuwa 222. Leo Bunge la Taifa lina 349 na Seneti 67, jumla 416, na hapo sijagusa maspika. Mwaka wa 2023 mshahara wa mbunge uliwekwa 725,502 kwa mwezi. Gawanya kwa 40. Ni smoki zaidi ya 18,000. Kila mwezi. Mtu mmoja.

Buda_wa_FreeArea
Hesabu kama hizi ndizo zinakukosesha kazi.

Mzee_Section58
Watoto mnasahau haraka. 2019 mwanasiasa Ekuru Aukot alileta Punguza Mizigo, mswada wa kubadilisha Katiba, wabunge washuke kutoka 416 hadi 147, na mshahara ushuke pia. Saini zikapatikana, zikapita milioni moja. Lakini sheria inataka mswada kama huo upite kwanza mabunge ya kaunti 24. Yaani unamwuliza fisi kama mifupa ipunguzwe. Uasin Gishu ilikubali, lakini 24 hazikufika. Huyo wa aproni, hata kama hakuwepo wakati huo, wenzake ndio waliozika.

Bila_Simile
Mzee huyu hata uzi ukiwa wa kuku kutotaga atamleta Aukot.

Omera_wa_Kibuye
Watu wa Nakuru mnalia juu ya smoki? Wetu huku Kisumu alikuja matanga, akashika maiki saa nzima na nusu, marehemu akangoja kwa jua. Akaahidi elfu hamsini. Watu wakapiga makofi, mama mwenye msiba akalia tena, mara hii kwa furaha. Mpaka leo mwenye hema na mwenye jenereta wanalala mlangoni kwa hiyo familia. Sisi hata msimpunguzie mshahara. Mpunguzieni maiki.

Mulembe_Kwa_Stima
Mimi napinga. Kakamega tuko na wadi 60 na bado ukimtafuta wako humpati. Zikiwa 30 si atakuwa anaonekana kama kupatwa kwa jua? Halafu wadi yangu itaunganishwa na ya ng'ambo ya mto. Wale watu wakishika kiti hatutaona hata bomba moja. Mshahara kateni, hata leo. Wadi yangu msiguse.

Dada_Mpole
Na mnajua mkianza kukata, viti vya kwanza kwenda ni vile 47 vya wawakilishi wa kike. Hamtagusa wanaume wenzenu. Nimesema tu.

Buda_wa_FreeArea
Mpole wapi sasa.

Mhasibu_Bila_Kazi
Kuhusu mshahara, Julai 2024, hata mwezi haujaisha tangu vijana waandamanaji waingie Bungeni kwa nguvu tarehe 25 Juni, waheshimiwa walikuwa wanaongezwa tena mpaka kelele zikazuia. Ina maana wakati sisi tunahesabu...

Omera_wa_Kibuye
Ngoja kwanza. SMOKI 40? Huku Kondele nakula 35.

Toroli_ya_Kijani
Kula hizo za 35 uone kama utapata kachumbari.

Omera_wa_Kibuye
Tunapata.

Bila_Simile
Kachumbari ya Kisumu ni maji yaliyopita karibu na nyanya.

Mulembe_Kwa_Stima
Nyanya zenyewe ziko wapi? Juzi nimenunua tatu, nikabeba mkononi kama mayai. Na matatu ya kwenda Kisumu imepandisha nauli eti kwa sababu ya mvua. Mvua inanyesha ndani ya tangi?

Dada_Mpole
Makanga wa laini hiyo ndiye anafaa kupunguzwa kabla ya mbunge yeyote. Alinikalisha kwa mbao katikati ya viti, akanilipisha nauli nzima, na jirani akalala begani mwangu mpaka mwisho wa safari.

Mzee_Section58
Wakati wetu ulikuwa ukikosa kiti unangoja gari lingine.

Toroli_ya_Kijani
Jamani uzi ni WANGU. Mtu amejipangusa VIDOLE. Kwa APRONI. 320 zangu ziko wapi?

Bila_Simile
Kwani hujaambiwa uandike?

Mpenda_Mutura
Mama pole sana, huyo ni mshenzi. Swali: pilipili yako ni ya kusaga ama ya kukata?

Toroli_ya_Kijani
Ya kukata. Kuanzia saa kumi jioni. Unalipa kabla hujatafuna.

Mpenda_Mutura
Sawa. Ingawa kusema ukweli smoki ni chakula cha watu wasio na mutura, ule utumbo uliojazwa nyama.

Omera_wa_Kibuye
Wewe sasa umeanza vita.