Kupanga insha ya Kiingereza kwa wanafunzi waliozoea insha ya Kifaransa

Mwalimu wa Katuba (Lubumbashi)

Walimu wenzangu, salamu. Nafundisha Kiingereza katika madarasa ya mwisho ya sekondari, na kila mwaka wapo wanafunzi wanaotaka kuvuka mpaka wa Kasumbalesa kwenda kusoma katika vyuo vya Zambia, ambako masomo hutolewa kwa Kiingereza. Sarufi yao si mbaya. Kinachowashinda ni insha. Nikiwapa swali, huandika kwanza insha nzima kwa Kifaransa kwenye karatasi ya rafu, kisha huihamisha mstari kwa mstari, na ninachopokea ni ukurasa wenye sentensi sahihi moja moja ambao hauelekei popote. Juzi niliuliza kama serikali ya jimbo ipige marufuku uuzaji wa mkaa mjini. Kijana mmoja mwenye akili sana alianza na mwanadamu wa kale alivyogundua moto, akaja kwenye misitu ya miombo, akaeleza faida, akaeleza hasara, na jibu lake nikalikuta katika mstari wa mwisho kabisa. Darasa lina wanafunzi zaidi ya hamsini, hivyo kukaa na kila mmoja peke yake haiwezekani. Ninyi mnawafundishaje kupanga kabla ya kuandika?

Mama Mwalimu (Bukavu)

Mwalimu, kijana huyo amefuata alichofundishwa. Insha ya shule zetu za Kifaransa huanzia mbali, hugeuza mada kuwa swali, huipa nafasi hoja, halafu hoja inayoipinga, na msimamo wa mwandishi huja baada ya pande zote mbili kupimwa. Mtindo huo ataendelea kuuhitaji katika Mtihani wa Taifa, kwa hiyo tusimwambie kwamba ni mbovu. Msomaji wa Kiingereza, hasa msahihishaji, anatazamia mpangilio mwingine: alijue jibu lako tangu aya ya kwanza, kila aya ifunguliwe na sentensi inayosema aya hiyo inathibitisha nini, na hoja ya wapinzani itajwe ili ijibiwe, si ili ipewe nusu ya ukurasa.

Mimi huwaacha kwanza wabishane kwa Kiswahili, kwa sababu katika Kiswahili hakuna anayekosa la kusema kuhusu mkaa. Kelele zikitulia, kila mmoja huandika kwa Kiingereza sentensi moja tu ya msimamo, na sharti langu ni kwamba jirani yake wa dawati aweze kuipinga. Asiposema lolote la kupingika, bado hana insha. Kwa swali lako, mwanafunzi angeweza kuandika: “The province should not ban charcoal until most homes can cook with electricity.” Tazama sentensi hiyo inavyomzalia aya. Aya ya kwanza itaeleza ni nani anapika kwa mkaa na kwa nini hana njia nyingine. Ya pili itaonyesha kwamba marufuku ingeisukuma biashara hiyo mafichoni na kupandisha bei ya gunia. Ya tatu itakubali kwamba miombo kandokando ya mji inakatwa ovyo, kisha itajibu kwamba ndiyo maana msimamo wenyewe una sharti na si ruhusa ya milele. Chini ya kila aya aandike maneno manne au matano ya Kiingereza, basi. Sentensi nzima ya Kifaransa isionekane kwenye mpango, kwa maana ikishakaa kwenye karatasi, mkono utaitafsiri tu.

Halafu kusanya mipango peke yake, bila insha. Nusu ukurasa husomeka haraka hata darasa likiwa limejaa, na aliyepotea unamwona kabla hajajaza kurasa tatu.

Msahihishaji (Goma)

Nakubaliana na Mama Mwalimu, isipokuwa kuhusu mabishano ya Kiswahili. Yanafaa mwanzoni mwa mwaka, lakini wengi wa wanafunzi hawa watafanya IELTS, mtihani wa kimataifa wa kupima Kiingereza, na humo mtu yuko peke yake. Insha ya sehemu ya pili ya karatasi ya kuandika hudai maneno yasiyopungua 250, muda unaopendekezwa ni dakika 40, na uzito wake ni mara mbili ya sehemu ya kwanza. Mwanafunzi asiyeweza kuanza kufikiri kwa Kiingereza tangu kwenye mpango atamaliza robo ya muda huo akivuka kutoka lugha moja kwenda nyingine.

Alama hutolewa kwa vigezo vinne vyenye uzito sawa: kulijibu swali, mtiririko, msamiati na sarufi. Nakitaja cha mtiririko kwa sababu wanafunzi wetu hudhani kinatimizwa kwa kubandika “moreover” na “furthermore” kila mwanzo wa sentensi, ilhali vigezo vyenyewe huhesabu viunganishi vilivyozidi kuwa kasoro. Aya zikipangwa kama Mama alivyoonyesha, viunganishi vichache vinatosha. Utangulizi wa kukariri nao uachwe, ule unaoanza na “Nowadays” na kufaa kila mada duniani; msahihishaji anautambua mara moja, nami, kusema kweli, huuchoka kabla sijafika kwenye nukta.

Mama Mwalimu (Bukavu)

Ndugu yangu, sipingi. Niongeze tu kwamba mabishano huwa nayafupisha kadiri mwaka unavyosonga, hadi katika muhula wa mwisho wanabaki na dakika chache za kimya na karatasi.

Mwalimu wa Katuba (Lubumbashi)

Asanteni sana. Wiki hii nitakusanya mipango pekee. Swali lililobaki ni usahihishaji: insha zikija, nisahihishe kila kosa?

Msahihishaji (Goma)

Hapana, Mwalimu. Katika insha ya kwanza chagua kosa la aina moja, nami ningeanza na koma. Kifaransa huvumilia sentensi mbili kamili kuunganishwa kwa koma tu, ila Kiingereza rasmi hulihesabu kuwa kosa, na katika insha za wanafunzi wetu limejaa. Piga mstari chini ya kila koma ya namna hiyo bila kuirekebisha, mrudishie mwenyewe achague kati ya nukta na kiunganishi, na makosa mengine yasubiri insha inayofuata.