Darasa la Pili wanasoma bila kukwama, ukiwauliza wamesoma nini kimya

MwlChaki
Shikamooni wakubwa, wengine habari za jioni. Nafundisha Darasa la Pili huku Sengerema, watoto 94, dawati moja wanne. Silabi tulipambana nazo mwaka jana wote, sasa wengi wanasoma aya nzima bila kigugumizi.

Juzi tulisoma habari ya Neema. Katumwa dukani chumvi, kakuta duka limefungwa, kaenda kuazima kwa jirani. Nikauliza, "Neema alitumwa nini?" Darasa zima: "Chumviii!" Nikauliza, "Kwa nini alikwenda kwa jirani?" Kimya. Kijana mmoja akasimama, akanisomea habari yote upya tangu kichwa cha habari, sauti nzuri kabisa, akakaa.

Nyumbani wengi wanaongea Kisukuma, hilo nalijua, ila naona si hilo tu. Mnatumia michezo gani? Msiniambie projekta, umeme wenyewe hatuna.

MamaKadi
Pole mwalimu. Mimi nakata maboksi ya sabuni, kila kipande naandika amri moja: "Funga dirisha kisha ukae chini ya meza." "Mpe jirani yako penseli bila kusema neno." Mtoto anachota kadi, anasoma kimoyomoyo, anatenda. Wenzake wanakisia kadi ilisema nini, halafu ndipo inasomwa kwa sauti. Asiyeelewa utamwona hapo hapo, anasimama na kadi yake anachekacheka. Anza na amri fupi. Ukishaweka "kabla ya" na "baada ya" utashangaa wangapi wanafanya kinyume.

BabuMstaafu
Marahaba mwanangu. Kiswahili kinatudanganya sisi walimu. Kinaandikwa kama kinavyotamkwa, kwa hiyo mtoto akishika ba be bi bo bu na wenzake, mpe hata tangazo la mnada, atakusomea. Tunapiga makofi, tunasema huyu kajua kusoma.

Fanya jaribio nililokuwa nikilifanya mimi. Andika ubaoni: *Fisuke alitopora kinyuzi sokoni.* Uliza: nani alitopora kinyuzi? Watajibu, "Fisuke!" Alitopora wapi? "Sokoni!" Wote wamepata, na hakuna aliyeelewa kitu, hata wewe. Sasa rudi kwenye lile swali lako la chumvi uone ni la namna gani.

Michezo miwili tu. Wa kwanza tuliuita Mwalimu Muongo. Watoto wameshasoma habari, wafunge vitabu, wewe uisome tena huku ukipotosha: "Neema akakuta duka limefunguliwa, akaenda kwa jirani." Akigundua anapiga meza na kusema, "Muongo!", kisha lazima aeleze kwa nini haiwezekani. Hapo kwenye kueleza ndipo penye somo, usiparuke kwa kuona muda umekwisha.

Wa pili, weka kiti mbele. Anayekikalia ndiye Neema, darasa linamhoji. Siku ya kwanza akijibu kwa Kisukuma mwache, kisha msaidiane kulisema jibu kwa Kiswahili. Unapima kama kaelewa, lugha utamwongezea.

Kipindi30
Mzee, heshima yako, lakini kipindi ni dakika 30 na watoto ni 94. Mimi nilijaribu maigizo, darasa la jirani likashindwa kusoma, nikaitwa ofisini. Siku hizi nawachorisha. Ubaoni naandika: "Mbuzi wawili wako nje ya zizi. Mmoja ni mweusi, amelala. Mvua inanyesha." Wachore kimya. Nikipita na kalamu nyekundu nasahihisha safu nzima haraka. Aliyechora mbuzi wote wamesimama, najua kasoma nusu.

BabuMstaafu
Hiyo ya mbuzi nzuri, naikubali. Ila kelele za watoto wanaobishania habari si utovu wa nidhamu, na huyo aliyekuita ungemkaribisha akae nyuma asikilize.

MwlChaki
Nimerudi. Kadi zimefanya kazi kwa safu mbili za mbele, nyuma ilikuwa fujo. Nitawagawa makundi, kila kundi na boksi lake. Fisuke nimemjaribu pia mzee, wamejibu vyote kwa furaha, nikajisikia vibaya kweli.

Ila kiti! Akakaa binti mmoja ambaye tangu Januari sijawahi kumsikia akinyoosha mkono. Wakamuuliza, "Neema, mbona hukurudi nyumbani kumwambia mama duka limefungwa?" Akafikiri, akasema, "Mboga iko jikoni. Nikirudi mikono mitupu nachapwa."

Nimeisoma ile habari mara tatu. Mboga haimo, wala kuchapwa. Nimpe vema au?

BabuMstaafu
Mpe vema, na kesho akae tena, safari hii awe jirani.