Shokapu za Land Cruiser ya mzigo porini: KYB, Bilstein au za sponji?

Mrina wa Sikonge
Wakuu, habari za jioni. Naomba ushauri kabla sijatuma hela Dar. Nina Land Cruiser pickup, HZJ79, injini ya 1HZ, mbele koili, nyuma springi za bapa. Kazi yake ni kutoa asali porini. Natoka Tabora mjini, nakula lami hadi Sikonge na Ipole, kisha naingia msituni: vumbi, mizizi ya miombo, na zile mbuga za udongo mweusi ambazo zikikauka zinakuwa na mikatiko migumu kama saruji. Kwenda ni tupu. Kurudi nabeba ndoo 50 za lita 20, lita elfu moja, kwa hiyo ni kama tani moja, pamoja na vijana wawili.

Shokapu za nyuma zimekufa mara ya pili ndani ya miezi 14. Ya kulia inachuruzika mafuta mpaka vumbi limeganda juu yake kama ukoko wa ugali. Tairi zimeliwa kwa mawimbi. Ukipitisha kiganja unasikia vilima na mabonde. Gari likitoka kwenye shimo mkia unaruka mara tatu, nne, ndiyo unatulia, na ndoo mbili zimeshapasuka mifuniko. Asali iliyomwagika kwenye bodi ni msimu mzima wa watu, inaniuma.

Nimetajiwa njia nne. KYB za Japani za kawaida, ambazo ndizo bei nafuu. Bilstein za njano za Ujerumani, karibu mara tatu ya bei hiyo. Zile nene za sponji za Ironman za Australia, bei ya katikati. Na za mtumba zilizotolewa kwenye gari la Japani. Mngekuwa nyinyi mngechukua zipi?

Kipalapala 4x4
Mkuu, chukua Bilstein, utanishukuru. Nimefunga kwenye Prado 95 mwaka wa tatu sasa, Tabora–Nzega–Dodoma na mashambani. Gari limetulia, kwenye rasta, yale mawimbi ya barabara ya vumbi, halihangaiki. Hawa Wajerumani walianza kufunga shokapu za mrija mmoja zenye gesi kwenye Mercedes tangu 1957, si wa kujaribu. Za mtumba usiziguse. Umri wake huujui, na sili ya mpira inachakaa hata gari likiwa limeegeshwa.

Dereva wa Uvinza
Kwenye mtumba nakuunga mkono, kwenye mrija mmoja nasita. Mimi naendesha Uvinza kushuka kuelekea Buhingu, upande wa milima ya Mahale. Kule ni mawe. Tairi la mbele linayarusha kama kombeo. Nilifunga shokapu za mrija mmoja, kampuni siitaji kwa sababu kosa si lao, jiwe likapiga ubavu wa moja. Kibonyeo kilikuwa kidogo, kidole gumba kinajaa. Pistoni ikafika hapo ikakwama. Nilitembea kilomita 60 na upande mmoja mgumu kama nguzo, na nilipofika nyumbani mkono wa juu wa shokapu ulikuwa umepinda.

Prado ya mjini na njia yangu ni vitu viwili tofauti, kaka.

Fundi Ujiji
Wote wawili mko sawa, ngoja niwaeleze kwa nini. Shokapu haibebi gari, kubeba ni kazi ya springi. Shokapu inageuza mtikisiko kuwa joto: pistoni inalazimisha mafuta kupita kwenye vitundu vidogo, mafuta yanapata moto, joto linatoka hewani.

Ya mrija mmoja, kama Bilstein, mafuta yanagusa ukuta wa nje moja kwa moja, kwa hiyo inapoa haraka. Gesi yake imetengwa na mafuta kwa pistoni ya pili inayoelea, na shinikizo lake ni mara 20 hadi 30 ya hewa ya kawaida, ndiyo maana mafuta hayatoi povu. Lakini ukuta huo huo ndio njia ya pistoni. Ukibonyea, kwisha, kama ilivyomkuta Dereva.

Ya mirija miwili, kama KYB hizo za kawaida, pistoni inacheza kwenye mrija wa ndani. Wa nje ukigongwa na jiwe unaweza kuendelea na safari. Ubaya wake ni kwamba joto linatoka polepole, na ukipiga rasta saa nzima gesi na mafuta vinachanganyika. Povu halina nguvu, ndiyo unaona gari linaanza kuelea.

Za sponji nazo ni mirija miwili, ila mahali pa gesi wameweka sponji. Hakuna gesi huru ya kuchanganyika, na mafuta ni mengi zaidi. Kwa jiwe ni imara, kwa joto ziko katikati.

Mrina, fanya hivi kwanza. Ukitoka porini, baada ya kama kilomita 40 za vumbi, simama na uguse shokapu zote nne kwa tahadhari, usijiunguze. Iliyo hai itakuwa ya moto. Ukikuta moja imepoa wakati wenzake wamechemka, hiyo haifanyi kazi hata kama haivuji. Kule kubonyeza bodi kwa mikono hakukwambii kitu kwenye gari zito kama hilo.

Mama Asali Urambo
Samahani ndugu zangu, mimi si fundi, lakini hesabu ya Mrina imenishtua. Ndoo 50 za asali si tani moja! Maji lita moja ni kilo moja, asali ni karibu kilo 1.4. Ndoo ya lita 20 ikijaa ni kilo 28 hivi. Zidisha mara 50, ni kilo 1,400, bado vijana, maji na tairi la akiba. Hata sisi mnunuzi akija tunapima kwa kilo, hatuuzi kwa macho.

Fundi Ujiji
Mama, umemaliza kesi. Mrina, shokapu zako huenda hazina kosa. Springi zimelala, shokapu inabaki imejikunja karibu na mwisho, na kila shimo inagota chuma kwa chuma. Ukiweka hata ya bei ghali itakufa hivyo hivyo. Pima kitu kimoja: gari likiwa limebeba, nafasi kati ya ekseli na ile raba ya kugotea kwenye chesisi ni kiasi gani?

Mrina wa Sikonge
Asante sana Mama, nimejiona mzembe kwa miaka yote hii. Fundi, nimepima leo na ndoo 50. Tupu, nafasi ni zaidi ya shubiri. Ikibeba, vidole viwili vilivyolala. Raba ya kulia imechanika vipande, na shokapu ya kulia ndiyo inayovuja.

Nimeamua kushusha mzigo hadi ndoo 35, hiyo ni kilo 980. Springi za nyuma nabadilisha, sitaongeza chuma kwenye hizi zilizochoka. Shokapu nachukua za sponji nyuma, maana njia yangu ina mizizi na visiki, na mbele KYB. Hela ya Bilstein inaingia kwenye springi. Kipalapala, usinielewe vibaya mkuu, ningekuwa wa lami na rasta ningekufuata.

Kipalapala 4x4
Hapana, nimekuelewa. Kwa kilo hizo hata mimi ningeanza na springi.

Fundi Ujiji
Uamuzi mzuri. Mambo matatu ya kumsimamia fundi wako. Kama springi mpya zinainua gari inchi mbili, agiza shokapu za urefu huo, vinginevyo zitavutika mpaka mwisho kila gurudumu likining'inia. Kabla ya kufunga, zisimamishe wima na uzivute na kuzibonyeza mara tano sita mpaka usisikie utupu katikati. Zimesafiri zikiwa zimelala kwenye buti la basi. Na bolti za bushi, zile raba za kwenye maungio, zikazwe mwisho gari likiwa chini kwa miguu yake. Ukizikaza juu ya jeki, gari likishuka bushi inakaa imejisokota, na mvua za Novemba hazitaisha kabla haijachanika.