Naomba ushauri: ekonometria niisome muhula wa kwanza au niisubirishe?

Mwanzisha uzi
Habari zenu, ndugu zangu. Nimepata nafasi ya kusoma shahada ya uzamili ya fedha hapa Dar es Salaam, masomo ya jioni, mihula mitatu ya darasani kisha tasnifu. Ninafanya kazi idara ya mikopo katika benki, na hesabu za darasani niliziacha miaka 8 iliyopita. Nilikusudia kuanza na fedha za makampuni na usimamizi wa benki, masomo ambayo kazi imeshanizoesha, halafu ekonometria, yaani matumizi ya takwimu kupima mambo ya uchumi na fedha, niiweke muhula wa tatu. Tasnifu ningependa ihusu mikopo chechefu, yaani ile ambayo wakopaji wameshindwa kuirejesha kwa wakati. Je, mpangilio huu una kasoro? Ada nimeikopa, hivyo sina uwezo wa kurudia somo.

Mchangiaji wa kwanza
Hongera sana. Ushauri wangu ni kwamba uugeuze mpangilio huo. Ukifika kwenye usimamizi wa uwekezaji utafundishwa kukokotoa beta, yaani kipimo cha jinsi hisa inavyopanda na kushuka pamoja na soko zima. Katika Soko la Hisa la Dar es Salaam zipo hisa zinazopitisha siku kadhaa bila kuuzwa, bei ikabaki palepale. Ukitumia bei za kila siku, beta yake hutoka ndogo kuliko hali halisi, na hisa yenye hatari ikaonekana tulivu. Aliyetangulia kusoma ekonometria huishtukia hitilafu hiyo mapema, lakini asiyeisoma huibeba hadi mbele ya watahini.

Mchangiaji wa pili
Ninakubaliana na mwenzangu, ila usiiweke ekonometria muhula mmoja na somo lingine zito la hesabu, hasa kama muhula unaangukia Desemba, wakati benki zinafunga mwaka na wewe unatoka ofisini usiku. Kwanza jipime kwa kalamu. Hatifungani (hati ya mkopo ambao mwekezaji huipa serikali au kampuni) ya miaka 2 yenye thamani ya shilingi milioni 10, riba asilimia 12 kwa mwaka inayolipwa kila miezi 6, itauzwa bei gani ikiwa wawekezaji wanadai faida ya asilimia 14 kwa mwaka? Jibu linakaribia shilingi 9,661,000. Ukilifikia mwenyewe, upande wa fedha uko salama, na muda wako uupeleke kwenye takwimu.

Mchangiaji wa tatu
Mimi nitagusia tasnifu tu. Taarifa za wateja wa benki yako ni za siri, na kibali kinaweza kuchelewa au kukataliwa kabisa. Benki zetu huchapisha hesabu zao kila robo mwaka, na humo kiwango cha mikopo chechefu kimo. Anza kuzikusanya sasa, benki kwa benki, maana kuzinakili kwenye jedwali ni kazi ya wiki nyingi.

Mwanzisha uzi
Nawashukuru sana. Swali la hatifungani nimelifanya usiku huu. Mara ya kwanza nilipunguza thamani ya malipo kwa asilimia 14 kwa kila miezi 6 badala ya 7, nikapata chini ya milioni 8, na nikatumia karibu saa nzima kuona nilipokosea. Ekonometria nitaisoma muhula wa kwanza pamoja na usimamizi wa benki pekee, na Jumamosi hii ninaanza kunakili hesabu za robo mwaka.