Fimbo za mezani: zivishwe gripu ya mpira au ya silikoni?

Mwenye Meza
Wazee, salaam. Nina meza mbili za puli hapa Kisauni, Mombasa, na fimbo sita, mbili zimepinda, hizo sizihesabu. Tatizo langu ni jasho. Ikifika saa tisa mchana feni zazungusha joto tu. Kijana akimaliza mchezo mmoja, anayepokea fimbo anashika kitu kama samaki changu aliyetoka majini sasa hivi. Juzi fimbo imemponyoka mtu wakati wa kuvunja, ikaenda kuangusha vikombe vya kahawa vya watu. Nimeshauriwa nizivishe gripu, yaani ala ya kushikia, kitakoni kule kunene. Mmoja asema mpira mweusi wa kawaida, mwengine asema silikoni, na bei zimepishana. Kwa hewa yetu hii, ipi? Swali ni hilo tu tafadhali. Nawajua nyinyi.

Chaki Buluu
Silikoni, wala usirudi nyuma. Mpira ukikaa na jua na jasho, baada ya muda waanza kunata kama ubani uliotafunwa, halafu wapasuka nyufa. Silikoni waifuta kwa maji na sabuni, kwisha.

Babu wa Tudor
Mwanangu, weka pesa zako. Mimi nimeshika fimbo wakati meza za Mombasa nzima zahesabika kwa vidole, na sikuona mtu akiivisha fimbo soksi. Mti mtupu, kitambaa begani, basi. Hizi gripu ni za hawa waliojifunzia ng'ambo ya feri, waikaba fimbo kama wapiga kasia.

Mtongwe Damu
Babu, shikamoo. Sasa baada ya shikamoo: ng'ambo ya feri ndiyo ipi? Maana sisi wa Likoni kila Jumapili twavuka kuja kuwachapa hapo hapo mlangoni kwenu, na hamtwambii kuhusu kasia mkiwa mwalipa. Utauona mkono wangu unavyoshika siku ukija.

Babu wa Tudor
Marahaba. Nimeuona. Ndiyo maana nimesema kasia.

Chaki Buluu
Swali lilikuwa gripu jamani.

Babu wa Tudor
Ni hilo hilo najibu. Fimbo hushikwa kama kifaranga: ukimbana afa, ukimwachia atoroka. Ukivisha mpira wamfundisha mtu kubana. Ronnie O'Sullivan amechukua ubingwa wa dunia wa snuka, ndugu yake puli, mara 7, mti mtupu mkononi, hakuna gripu wala bendeji. Nyinyi mwacheza vizuri kuliko yeye?

Kijana wa Bamburi
Babu, ubingwa huo Ronnie auchezea Sheffield, Uingereza. Huko meza yenyewe inawekwa hita chini ya jiwe lake kukausha unyevu wa baridi yao. Mlete hapa Januari, umeme umekatika, tuone huo mti mtupu.

Babu wa Tudor
Snuka haikuzaliwa Sheffield, kijana. Ilizaliwa India, Jabalpur, 1875, na yule Chamberlain aliyekuja kuwa waziri mkuu wa Uingereza. Joto la India walijua? Na gripu hawakuvaa.

Chaki Buluu
Mzee wangu, hapo umechanganya watu wawili. Jabalpur na 1875 ni sawa. Lakini huyo alikuwa afisa wa jeshi, jina tu ndilo moja, Neville Chamberlain. Yule waziri mkuu alizaliwa 1869. Ina maana mwaka huo alikuwa na miaka sita.

Mtongwe Damu
Miaka sita na tayari ameshavumbua snuka 😂 huyo lazima alikuwa mtu wa Tudor.

Babu wa Tudor
Mwacheka. Hamjajibu kuhusu joto.

Kijana wa Bamburi
Waliokuwa wakicheza huko walikuwa maafisa, Babu. Kila mmoja na mtu wa kumpepea. Mimi nani anipepee?

Fundi wa Magongo
Nimeona nipite. Kazi yangu ni fimbo: kubadilisha ngozi ya ncha, kusugua, kupiga vanishi. (Mwenye Meza, zile mbili zilizopinda usimpe mtu pesa akunyooshee. Atakurudishia zimenyooka, na mvua za Mei zitazipinda tena.)

Chaki Buluu amesema nusu ya habari. Kweli silikoni haichoki kwa jua. Ni jamii ya ile wanayofinyangia vyombo vya kuokea keki, yaingia kwenye oveni ya nyuzi 200 na yatoka salama. Lakini ina ugonjwa wake: ikipata kato dogo, kato lile hukimbia. Mtu akilichokoa kwa ukucha, jioni limefika mwisho. Na ikishachanika ndiyo basi, gundi za dukani hazishiki silikoni. Tena hukusanya vumbi la chaki, wiki ya pili gripu nyeupe yawa ya samawati. Chukua nyeusi.

Mpira wavumilia vishindo zaidi. Fimbo za biashara mwajua maisha yake: zaegemezwa ukutani, zaanguka, zapigizwa sakafuni mtu akikosa nyeusi. Adui wa mpira ni jua, na zaidi ya jua ni mafuta. Mafuta yakiuingia, wavimba, walegea, ndipo huko kunata.

Jengine ni unene. Kitako cha fimbo za puli chini kabisa ni kama milimita 32. Gripu ya unene wa milimita 2 yaongeza 4 kwenye kipenyo. Mwenye mkono mdogo ataisikia. Halafu uzito: fimbo nyingi ziko karibu na gramu 540, ukiongeza 50 na zote zikiwa nyuma, fimbo yainua pua. Ilaze juu ya kidole kabla na baada, utaona kituo chake kimehama.

Kuvisha: ingizia upande wa ncha, kule kwembamba, uteleze kwenda kitakoni. Lowesha ndani kwa spiriti, itakauka yenyewe. Maji ya sabuni pia yafaa ila uyaache yakauke siku nzima, yasibaki chini ya gripu na kuuvimbisha mti. Mafuta ya nazi usiguse. Nimeletewa fimbo tatu mwaka huu zilizovishwa kwa mafuta ya nazi, gripu zazunguka kama bangili.

Tyubu Original
Mnasumbuka bure. Tyubu kuukuu ya baiskeli, kipande cha shubiri mbili, wavisha kwa povu. Kwa fundi wa baiskeli yeyote Kongowea ni bure au ya chai. Mimi miaka minne sasa.

Kijana wa Bamburi
Miaka minne na viganja vyako vyeusi kama mpiga viatu. Nilicheza na wewe, nikarudi nyumbani nikaulizwa nimetoka kubadilisha gurudumu la nani.

Mpigaji Halali
Gripu ni udanganyifu. Kwenye sheria za dunia imekatazwa, fimbo inakuwa nzito kupita kiasi.

Fundi wa Magongo
Vipimo wanavyotaja wenye puli ya dunia ni urefu usipungue inchi 40, uzito usizidi wakia 25, ncha isizidi milimita 14. Wakia 25 ni kama gramu 708. Hata uivishe gripu mbili hujafika.

Mpigaji Halali
Hapo umetumia wakia ili utuchanganye.

Bi Bombolulu
Naomba nami niseme, maana nacheza hapo kwa Mwenye Meza na dada zangu wawili, na hakuna aliyetuuliza. Fundi amesema adui ni mafuta. Sasa tuseme ukweli: fimbo za pale haziponyoki kwa jasho. Zaponyoka kwa viazi karai. Mtu ameshika kiazi mkono huu, ukwaju wamtiririka hadi kiwikoni, aipokea fimbo kwa mkono ule ule. Hata uvishe fimbo ngozi ya mamba itateleza. Mimi naja na tishu zangu.

Kijana wa Bamburi
Uwii. Limesemwa.

Mwenye Meza
Bi Bombolulu, kwa heshima zote. Vile viazi ni vya nyumbani kwangu. Mke wangu aamka saa kumi na moja kuvimenya. Mafuta yabadilishwa kila siku, na vyachujwa kwenye gazeti kabla mtu hajapewa. Havina mafuta hivyo.

Bi Bombolulu
Sikusema vibaya. Nimesema vya mkononi.

Mwenye Meza
Umesema zaponyoka kwa viazi. Watu wanasoma hapa.

Mtongwe Damu
Ukwaju wake mwepesi lakini. Simaanishi vibaya.

Mwenye Meza
Mwepesi? Wewe siku ya Idi ulikula sahani tatu ukasema uandikiwe. Bado umeandikwa.

Babu wa Tudor
Ukwaju wa siku hizi wote ni maji. Zamani pale Mwembe Tayari mzee akikutilia ukwaju, kijiko chasimama.

Chaki Buluu
Nimejaribu. Mara mbili nimejaribu kuwarudisha.

Mwenye Meza
Hapana, ngoja kwanza. Kama mtu ana neno na viazi aje aseme pale pale, asiseme huku. Na ndoo ya maji ipo mlangoni, na sabuni ipo, ya mche, kwenye kikopo. Nani anayenawa? Wote mwaiona ndoo mwaipita.

Bi Bombolulu
Ndoo imewekwa nyuma ya mlango, kaka. Mlango ukiwa wazi haionekani. Na mlango uko wazi siku zote.

Kijana wa Bamburi
Mimi nilidhani ni ya kupigia deki.

Fundi wa Magongo
Basi kama ni mikono ya mafuta, jibu langu ni silikoni, halafu mpige marufuku mtu kupigiza fimbo chini. Akipigiza, alipe. Nunua moja tu, ivishe fimbo ile ya meza ya dirishani, uiangalie mwezi. Usinunue nne kwa pamoja. Na iwe na vipele vidogo, ile laini kabisa ikilowa yateleza kuliko mti.

Babu wa Tudor
Kitambaa begani. Shilingi hamsini Marikiti.

Mtongwe Damu
Babu, Jumapili naja. Mti mtupu, kama utakavyo, bila gripu, bila kitambaa. Michezo mitano. Nikikushinda uandike hapa kwa mkono wako kwamba Likoni tunajua kushika fimbo.

Babu wa Tudor
Nauli utajilipia.

Mtongwe Damu
Feri ni bure kwa anayevuka kwa miguu, Babu. Ungekuwa unavuka ungejua.

Mpigaji Halali
Nani ataamua? Maana Babu ana tabia ya kugusa nyeupe kwa mkono wa shati na kusema ni upepo.

Babu wa Tudor
Taja siku moja.

Mpigaji Halali
Siku ya msiba wa jirani yenu, tulipokuwa twasubiri gari.

Babu wa Tudor
Huo ulikuwa upepo.

Bi Bombolulu
Nitaamua mimi. Mikono mtanawa mbele yangu, wote wawili, na kucha nitaziangalia.

Mwenye Meza
Jumapili sawa, meza ya dirishani, tokeni ni juu ya atakayeshindwa. Ndoo nimeihamisha, sasa iko mbele ya mlango, asiseme mtu hakuiona. Viazi vitakuwepo kuanzia saa kumi, na mke wangu amesoma yote haya, kwa hivyo Bi Bombolulu njoo mapema mzungumze. Mtongwe, deni lako ni sahani tatu na soda. Fundi, hizo zenye vipele zapatikana wapi?

Tyubu Original
Kongowea. Kwa fundi wa baiskeli.